Kawia Ufike: Mtoto wa Lubumbashi Aondoke Lini Kwenda Kusoma Ng'ambo?

Matokeo ya Mtihani wa Serikali yakitoka, Lubumbashi haifichi furaha yake. Poda nyeupe inamwagwa vichwani, vijana wanazunguka mitaani wakiimba, na simu zinaanza kuingia kutoka kwa wajomba na mashangazi walioko Brussels, Johannesburg na Montréal. Kabla jua halijazama, kuna mtu ndani ya nyumba ameshauliza: "Sasa huyu mutoto ataenda lini?" Swali ni zuri, na linaulizwa kwa upendo. Ila jibu lake lisitolewe siku ya poda.

Sisi wa upande wa Luano, penye uwanja wa ndege, tunaziona safari hizi zinapoanzia. Magari yanakuja yamejaa ukoo mzima, kina mama wamevaa kitenge cha aina moja. Sanduku linapimwa, linaonekana zito, linafunguliwa palepale chini: mfuko wa unga wa mahindi unatolewa, sombe iliyokaushwa inabaki, kapenta zinahamishiwa kwenye mkoba wa mkononi. Sala inasaliwa, picha zinapigwa, kisha kijana anapita mlangoni kuelekea Addis Ababa au Nairobi, na kutoka huko kwenda mbali zaidi. Kila aliyekuja kusindikiza anaijua tarehe ya kuondoka. Wachache wanajua masomo yanaanza lini huko aendako, na wachache zaidi wanajua ada ya mwaka ujao itatoka wapi.

Makala haya ni ya mzazi anayejinyima ili mtoto asome, na ni ya kijana mwenyewe ambaye usingizi umemruka akifikiria safari. Nina jambo moja la kuwaambia. Wakati wa kuondoka hauamuliwi na diploma, wala na viza, wala na tiketi ya bei nafuu. Unaamuliwa na mambo matatu yakikamilika pamoja: hati zisizo na kasoro, lugha ya darasani, na fedha ya mwaka wa pili. Yote matatu yakiwepo, nenda hata kama umri ni mdogo na jirani wanashangaa. Moja likikosekana, subiri, na muda wa kusubiri uufanyie kazi.

Kalenda hazisubiriani

Hapa kwetu mwaka wa shule unaanza Septemba na kuishia kwenye mtihani ule tunaouita Exetat. Matokeo hutoka Julai au Agosti, mkoa baada ya mkoa, na miaka mingine yanachelewa. Diploma yenyewe ya karatasi hufuata baadaye sana, kwa hiyo wengi hutembea kwanza na hati ya muda inayothibitisha kwamba wamefaulu.

Sasa weka kalenda hiyo kando ya kalenda za wengine. Ubelgiji, vyuo vya upande wa Kifaransa vinaanza masomo katikati ya Septemba, na maombi ya kulinganisha diploma ya kigeni na ya kwao, yaani équivalence, yanafungwa katikati ya Julai. Ufaransa, kwa wanaopitia Campus France, faili ya mwaka wa kwanza wa licence hufunguliwa Oktoba na kufungwa Desemba, miezi tisa kabla ya darasa. Ufadhili wa serikali ya China huombwa zaidi kati ya Januari na Aprili kwa masomo ya Septemba. Tanzania, vyuo vikuu vinaanza Oktoba au Novemba. Kenya na Kanada, mbali na Septemba, vyuo vingi vina milango mingine Januari na Mei. Afrika Kusini, mwaka unaanza Februari, na vyuo vingi hufunga maombi Septemba au Oktoba ya mwaka unaotangulia.

Ukizisoma tarehe hizo kwa utulivu, utaona jambo ambalo familia nyingi hugundua zikiwa zimechelewa: anayesubiri matokeo ndipo aanze, kwa Ubelgiji na Ufaransa mwaka huo umeshampita. Mlango wa Ufaransa ulifungwa akiwa bado hajakaa kwenye mtihani. Basi kuna njia mbili tu za haki. Ama unaanza kutengeneza faili ukiwa mwaka wa tano wa sekondari, ukitumia ripoti za shule za miaka iliyopita na kuahidi kuleta matokeo yakitoka. Ama unakubali tangu mwanzo kwamba utaingia mwaka unaofuata. Njia ya tatu, ile ya kukimbizana na ofisi Agosti nzima ili kijana awe darasani Septemba, hula fedha nyingi na kuzaa machozi.

Angalia pia kwamba kusini mwa Afrika kunatufaa kuliko tunavyodhani. Anayepata matokeo Agosti na kuomba haraka nafasi ya Februari ana nusu mwaka wa kushughulikia Kiingereza, tathmini ya diploma na kibali cha kusoma. Kalenda ile inatupa nafasi ya kupumua ambayo Ulaya haitupi.

Nyakati tatu za kuondoka

Wakati wa kwanza ni mara tu baada ya Exetat. Unamfaa kijana mwenye ufadhili kamili, kwa mfano waliochaguliwa na programu ya Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi kwa alama zao za juu. Unamfaa pia anayetaka fani isiyofundishwa hapa, na ambaye faili yake ilianza mapema, huku ndugu wa kuaminika akiwa tayari kumpokea. Mwanafunzi wa aina hii asicheleweshwe bila sababu, maana nafasi ya ufadhili ikipotea hairudi kwa urahisi. Lakini mzazi ajue kwamba anamtuma mtoto wa miaka 17 au 18 akajipikie, akalipe kodi ya chumba, akasome barua za ofisi ya wahamiaji na kuzijibu kwa wakati. Kama hapa nyumbani hajawahi kushika bajeti ya mwezi mmoja, aanze leo.

Wakati wa pili ni baada ya mwaka mmoja wa maandalizi. Kwa watoto wengi wa mji huu, huu ndio wakati ninaoupendekeza. Watu wanauogopa kwa sababu unaitwa mwaka uliopotea. Mwaka unapotea kijana akikaa barazani na simu. Usiopotea una kazi nne: kurekebisha hati, kusoma lugha kila siku, kutafuta ufadhili kwa kufuata tarehe, na kufanya kazi yoyote halali inayomfundisha thamani ya falanga. Mpaka wa Kasumbalesa uko kama kilomita 90 tu kutoka mjini, na ng'ambo yake, Zambia, kuna Ndola, Kitwe na Lusaka, ambako kijana anaweza kusoma Kiingereza akikisikia sokoni, kanisani na kwenye basi. Miezi michache huko inagharimu sehemu ndogo tu ya mwaka mmoja wa Ulaya. Na anayekwenda China au Urusi kusoma kwa lugha ya huko ajue kwamba mara nyingi mwaka wa lugha umewekwa ndani ya safari yenyewe: shahada ya miaka minne inakuwa mitano. Bajeti ihesabu mitano.

Wakati wa tatu ni baada ya shahada ya kwanza hapa nyumbani. Wapo wanaouona kama njia ya aliyekosa bahati. Hebu tuwatazame waliotangulia. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki 2025, alisoma Lovanium hapa nchini kwanza, ndipo akaenda Louvain na kupata udaktari mwaka 1970, akarudi kufundisha Lubumbashi, na baadaye akawa mwanafalsafa anayesomwa dunia nzima. Mwandishi Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa mji huu, alipita Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) kabla ya kufika Graz, Austria. Msanii Sammy Baloji naye alisoma UNILU kabla ya Strasbourg. Na Daktari Denis Mukwege wa Bukavu alisomea utabibu Bujumbura, jirani kabisa na nyumbani, ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kubobea katika magonjwa ya wanawake. Mwaka 2018 alipewa Nobeli ya Amani. Hakuna kati yao aliyeharibikiwa kwa kuanzia karibu.

Na kuna hesabu ya fedha nyuma ya njia hii. Ufadhili mwingi ulio wazi kwa Wakongo unalipia shahada ya pili, na ule wa shahada ya kwanza ni mchache mno. VLIR-UOS na ARES za Ubelgiji zinafadhili masomo ya juu kwa watu waliokwisha kuwa na shahada. Chevening ya Uingereza inataka shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa kama miaka miwili. Ufadhili wa serikali ya China unaweka kikomo cha umri: chini ya miaka 25 kwa shahada ya kwanza, chini ya 35 kwa ya pili, chini ya 40 kwa udaktari. Kijana wa miaka 18 anayesikia kwamba amechelewa, ana miaka mingi mbele yake ya kuomba kama mtu aliyekamilika. Kwa mfumo mpya wa LMD, licence ya hapa ni miaka mitatu katika fani nyingi, badala ya ile mitano ya graduat na licence ya zamani. UNILU, ambayo mizizi yake ni chuo kilichoundwa mwaka 1955, ina walimu wa madini na jiolojia wanaoujua udongo wa Katanga kuliko mtu yeyote Ulaya. Anayetaka uinjinia wa madini afikiri mara mbili kabla ya kulipa maelfu ya dola akasome mbali kitu ambacho mashimo yake yako Kipushi.

Kwanza jina

Hati ndizo zinazowachelewesha vijana wetu kuliko mtihani wenyewe, na kasoro huanza kwenye jina. Fanya jaribio hili nyumbani jioni ya leo. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, ripoti ya shule ya mwaka wa tano na kadi ya mpiga kura au pasipoti kama ipo. Soma herufi kwa herufi: nom, postnom, prénom, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Katika karatasi moja utakuta Ngoy, katika nyingine Ngoie. Hapa Kabwe, pale Kabue. Mwamba amekuwa Muamba. Shuleni waliandika amezaliwa Lubumbashi, cheti kinasema Likasi. Kwetu sote ni mtu yuleyule, na mwalimu hakuona shida. Afisa wa viza anayesoma faili akiwa mbali anaona watu wawili.

Wakati wa kurekebisha ni kabla ya kuandikishwa kwa Exetat, kwa sababu jina litakaloandikwa hapo ndilo litakalochapwa kwenye diploma. Diploma ikishachapwa, kuirekebisha ni kazi ya miezi, na njia yake inapita Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Asiye na cheti cha kuzaliwa, na ni wengi, aende mahakamani mapema kuomba hukumu inayokisimamia, ile jugement supplétif. Kisha utaratibu uwe huu: cheti kwanza, pasipoti ifuate cheti, mtihani wa lugha uandikishwe kwa jina lililo kwenye pasipoti, na maombi ya chuo yafuate pasipoti vilevile. Hati zinazotakiwa kuthibitishwa na wizara zipewe miezi. Tengeneza nakala za kutosha, zipige picha zote, na asili zake zisitoke nyumbani isipokuwa kwa ofisi inayozidai.

Neno moja kuhusu mawakala. Anayekuahidi viza anakuuzia kitu asichonacho, kwa sababu viza hutolewa na serikali ya nchi husika. Barua ya udahili ihakikishwe kwa kukiandikia chuo chenyewe, na ada ilipwe kwenye akaunti ya chuo, kamwe si kwenye simu ya mtu binafsi.

Lugha ya darasani

Mtoto wetu anazungumza Kiswahili nyumbani na Kifaransa shuleni, na Kifaransa hicho kinatosha kwa kuanzia Liège, Lille au Québec. Hakitoshi Pretoria, Nairobi wala Pune. Kuomba chakula kwa Kiingereza ni jambo moja. Kusikiliza mhadhara wa saa mbili wa takwimu huku ukiandika ni jambo jingine kabisa. Mwanafunzi anayejifunza lugha na somo kwa wakati mmoja anafeli somo, na kufeli ng'ambo kunalipiwa kwa dola.

Matokeo ya IELTS na TOEFL yanadumu miaka miwili. Ukifanya mapema mno yataisha kabla hujayatumia. Ukifanya mwezi wa mwisho hutapata nafasi ya kurudia. Miezi kumi na miwili kabla ya kuanza masomo ndio wakati mzuri, maana unaweza kurudia mara moja na bado ukawahi maombi. Kwa Kichina, kozi nyingi zinazofundishwa kwa lugha hiyo zinadai mtihani wa HSK kiwango cha nne, na hicho hakifikiwi kwa wiki chache za mtandaoni. Jipime hivi: sikiliza mhadhara wa fani yako kwa lugha husika, kisha mweleze ndugu yako kwa Kiswahili ulichosikia. Ukiweza kueleza dakika kumi bila kubahatisha, lugha iko tayari. Ukishindwa, bado una kazi, na ni afadhali uifanye hapa unakokula ugali wa mama.

Fedha ya mwaka wa pili

Tumefika kwenye kiini. Ubalozi unauliza fedha ya mwaka wa kwanza. Ufaransa inataka mwanafunzi aonyeshe euro 615 kwa mwezi. Kanada, nje ya Québec, kuanzia Januari 2024 ilipandisha kiwango cha fedha za kujikimu kutoka dola zake 10,000 hadi 20,635 kwa mwaka kwa mtu mmoja, mbali na ada na nauli, na imeendelea kukiongeza. Familia inahangaika, inakusanya, inaonyesha, viza inatoka. Kuhusu mwaka wa pili, kwa kawaida hakuna ofisi inayokuuliza kabla hujaondoka. Swali hilo lazima familia ijiulize yenyewe.

Na mji huu una sababu ya pekee ya kujiuliza. Tunaishi kwa shaba na kobalti, na bei zake hazipangwi hapa. Wazazi wetu wanakumbuka 2003, kampuni ya madini ya Gécamines ilipowaondoa zaidi ya wafanyakazi 10,000 kwa ule mpango ulioitwa wa hiari. Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ilianguka na kampuni nyingi zikafunga milango. Mgodi wa Mutanda ulisimamishwa mwishoni mwa 2019 na kukaa hivyo hadi 2021. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, na Oktoba mwaka huohuo ikaweka mgao. Kila mara habari kama hiyo inapotangazwa, kuna mwanafunzi mahali fulani Ulaya ambaye baba yake ni fundi wa kampuni ndogo ya Kolwezi, na mwezi unaofuata fedha haiji. Mwanafunzi huyo hana kosa. Aliondoka kabla ya akiba kuwa tayari.

Basi kanuni ninayoisimamia ni hii: kabla ya kukata tiketi, nusu ya gharama za mwaka wa pili iwe imeshawekwa pembeni, kwa dola, kwenye akaunti isiyoguswa kwa msiba wala harusi. Na nusu iliyobaki iwe na mwenyewe anayejulikana. Mjomba akiahidi kuchangia, aandike kiasi na mwezi. Ahadi ya mdomo kwenye sherehe ya kuaga ni baraka, tunaipokea kwa shukrani, lakini isiingie kwenye hesabu. Na lupango, yaani kiwanja cha familia, lisiuzwe kulipia mwaka wa kwanza. Ukiliuza kwa mwaka wa kwanza, wa pili utauza nini?

Wengine wanajibu: atafanya kazi hukohuko. Sheria zinaruhusu kiasi. Ubelgiji ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, Ufaransa saa 964 kwa mwaka, Kanada saa 24 kwa wiki nje ya chuo tangu Novemba 2024. India haimruhusu mwenye viza ya mwanafunzi kuajiriwa. Kazi ya mwanafunzi inaweza kununua chakula na kadi ya basi. Mwanafunzi anayeitegemea kwa ada anaanza kukosa vipindi, anafeli, na Ulaya kibali cha kukaa kinapopitiwa upya maendeleo yake darasani yanatazamwa. Ndivyo fedha inavyogeuka kuwa tatizo la hati, na la hati likamrudisha nyumbani bila shahada.

Septemba au Januari?

Mahali penye milango miwili, Septemba ina faida: kozi nyingi hupangwa kuanzia hapo, ufadhili mwingi hutolewa hapo, vyumba vipo, na wageni wote wanapokewa pamoja. Januari inampa muda anayetokea kwetu, hasa matokeo yakichelewa, lakini uulize chuo maswali mawili kwa barua: je, masomo ya mwaka wa kwanza katika fani yangu yanaweza kuanzwa Januari bila kurukwa somo la msingi? Na je, ufadhili wa chuo unawahusu wanaoingia Januari? Jibu likiwa hapana, subiri Septemba. Tena kufika Montréal katikati ya baridi ya Januari, ukitoka kwenye mvua na joto la Katanga, huku chumba hakijapatikana, ni mtihani mgumu kwa wiki ya kwanza.

Viza ikichelewa, usisafiri kwa matumaini. Kila chuo kina siku ya mwisho ya kuripoti. Ikiwa utafika baada yake, andika kabla hujapanda ndege na uombe udahili uahirishwe hadi muhula ujao. Vyuo vingi vinakubali, mradi uombe kabla siku haijapita. Pata jibu kwa maandishi, na uulize kuhusu ada uliyolipa. Viza ikikataliwa, soma sababu waliyoandika, irekebishe hiyo, ndipo uombe tena. Kuwasilisha faili ileile mara ya pili ni kulipia jibu lilelile.

Kalenda ya miezi kumi na minane

Tuseme binti yuko mwaka wa tano, na ni mwezi wa Machi. Anataka darasa la Septemba ya mwaka ujao. Machi, wazazi na yeye wanakaa na kupanga: fani, nchi mbili, kiasi cha juu ambacho familia inaweza kulipa kwa mwaka. Aprili hadi Juni, hati: jina linasawazishwa, pasipoti inaombwa. Likizo ya Julai na Agosti, lugha, kila siku saa mbili. Septemba anaingia mwaka wa sita na anafanya mtihani wa lugha. Oktoba hadi Desemba, faili ya Ufaransa, na kwa Lubumbashi mahali pa kuanza kuuliza ni Halle de l'Étoile, kwenye Institut français. Januari hadi Aprili, maombi ya ufadhili. Kuanzia Mei, kila kitu kinawekwa pembeni na anasoma, kwa sababu alama za Exetat ndizo zitakazofungua au kufunga milango yote hiyo. Kabla ya katikati ya Julai, faili ya équivalence ya Ubelgiji iwe imeshapelekwa.

Matokeo yakitoka, familia inakaa tena na kuamua. Hati, lugha, fedha ya mwaka wa pili: vyote vitatu vipo na muda wa viza unatosha? Aende. La sivyo, chuo kinaandikiwa kuahirisha, na binti anajiandikisha UNILU au anaanza mwaka wa maandalizi. Kwa sababu hii mpango wa nyumbani uwe umeandikwa tangu ile siku ya Machi. Mwenye mpango wa nyumbani haombi kwa hofu.

Watu watasema

Najua kinachowasukuma wengi kuharakisha. Ni aibu. Mtoto wa jirani ameondoka, wa kwetu yuko hapahapa. Baba anaulizwa sokoni, mama anaulizwa kanisani, na kijana mwenyewe anaona picha za wenzake wamesimama kwenye theluji. Nawaomba wazazi mumkinge mtoto dhidi ya mashindano haya. Mwambieni wazi kwamba hajashindwa, mwonyesheni tarehe mpya, na mumpe kazi za kufanya hadi ifike. Na wewe kijana, usimsukume baba yako aingie deni ambalo wewe hutaweza kulilipa. Mwenzako aliyetangulia anaweza kuwa anapambana na mambo ambayo picha haionyeshi. Wahenga walisema kawia ufike, nao walizijua safari kuliko sisi.

Jumapili hii, baada ya chakula, kaeni mezani na daftari. Kwenye ukurasa wa kwanza andikeni: hati zote zina jina moja? Kwenye wa pili: anaweza kufuata mhadhara kwa lugha ya huko? Kwenye wa tatu: mwaka wa pili unalipwa na nani, kiasi gani, mwezi gani? Kijana ajibu kwa mkono wake, wazazi wasome, na mtu mmoja mwaminifu wa ukoo aitwe kushuhudia. Mkiwa na majibu matatu yanayosimama, kateni tiketi bila woga. Mkikosa moja, mwaka ujao nao una Septemba yake, na Diplôme d'État haiozi.